Tata Alipoingia Ghalani na Viatu

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na kwetu Chonyonyo msichana wa namna hiyo huombewa kanisani bila kutajwa jina. Niliwahi kumrushia mwenzangu ndoo kisimani kwa sababu alisema nimeruka foleni, na kweli nilikuwa nimeruka. Mama alisema hasira zangu nimezirithi kwa bibi mzaa baba. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kinyambo, alinitazama tu kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa, akafika naye nyumbani akagundua anapiga teke.

Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sijapata, mchumba sijapata, na siku zangu zote ziliishia kibanjani, shamba letu la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba. Huko ndiko nilikomfahamu mtu ninayetaka kusimulia habari zake. Alikuwa kibarua wetu. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani wakakaa Kiruruma, naye alikuja kwetu kupalia na kutandaza majani chini ya migomba. Alikuwa mwembamba, mkimya, umri wake kati ya thelathini na arobaini, na alikuwa na kofia ya kitambaa aliyoivua kila alipozungumza na tata. Kila asubuhi alinisalimu, "Habari za asubuhi, dada," nami nikajibu "nzuri" nikiwa nimeshampa mgongo. Sijivunii hilo, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kwamba mtu huyu anafundisha karate nililijua kwa fundi cherehani wetu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Fundi alikuja kumpima mama gauni, mdomo wake wa juu umevimba kama andazi, na bado anacheka peke yake.

"Nani kakupiga?" nikamwuliza.

"Mwalimu."

"Mwalimu gani anampiga mtu mzima?"

Akanyoosha kidevu kuelekea migombani, ambako kibarua wetu alikuwa ameinama na jembe lake. Nilicheka mpaka mama akanifukuza ukumbini.

Lakini ilikuwa kweli. Ujanani alikwenda Mwanza kubeba mizigo bandarini, na huko alianza kufagia ukumbi wa watu waliokuwa wakijifunza mchezo huo. Alifagia miezi, kisha wakamruhusu kusimama mstari wa nyuma, na baada ya miaka akawa anasimama mbele. Aliporudi hakumwambia mtu. Ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyemfuma siku moja porini akifanya mazoezi peke yake, akambembeleza awafundishe. Wakapatikana watu kumi. Mahali pa kufundishia palikuwa ghala la kahawa la chama cha msingi cha ushirika, ambalo msimu ukiisha hubaki tupu, popo na mavumbi.

Ghala hilo lilikuwa chini ya tata. Alikuwa mwenyekiti wa kamati, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Mwalimu wa shule alipokuja kuuomba kwa ajili ya "mazoezi ya viungo" kila Jumamosi mchana, tata alimpa bila maswali. Alipokuja kuambiwa ni nani anayeongoza hayo mazoezi, alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akaacha kucheka.

"Sawa," alisema. "Lakini ufunguo ni wangu. Siku nitakayoona utovu wa adabu humo ndani, nafunga, na sifungui tena."

Hakuna aliyedhani anatania. Tata aliwahi kukaa miaka sita bila kusema na ndugu yake wa tumbo moja kwa ajili ya mpaka wa shamba usiozidi upana wa mkeka. Na sakafu nyingine ya saruji yenye ukubwa ule ilikuwa ya kanisa, ambako hata fundi mwenye mdomo wake hakuthubutu kwenda kuuliza. Ghala likifungwa, mafunzo yamekufa.

Mimi nilijiunga kwa udadisi na kwa ubishi. Mama alikataa. Tata akasema, "Mwache aende. Labda atachoka."

Siku ya kwanza niliingia ghalani kama ninavyoingia jikoni kwetu. Watu walikuwa wamesimama mistari miwili, kimya, nami nikapaza sauti kutoka mlangoni: "Wewe, tata anauliza kama ule mfereji umeisha!"

Hakukasirika. Alikuja mpaka nilipokuwa, akainama kidogo na kuniambia kwa sauti ileile ya kibanjani, "Mfereji umeisha, dada. Mwambie mzee. Sasa toka, uingie upya."

Nikatoka, nikaingia. "Viatu," akasema. Nikatoka, nikavua, nikaingia. "Salamu," akasema. Nikatoka tena. Mara ya nne ndiyo niliyopatia: miguu mitupu, nikasimama kizingitini, nikauinamia ukumbi wenyewe, wala si mtu aliyekuwemo, masikio yananiwaka moto. Nilidhani sasa atanifundisha teke. Alinipa ufagio. Nilifagia ghala lile wiki nne kabla sijakunja ngumi, na nilipouliza kwa nini, alisema hata yeye alifagia, na kwamba mtu huheshimu mahali alipopainamia kwa kazi kuliko mahali alipokaribishwa. Nilimchukia. Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Ni vigumu kumweleza mtu wa leo jinsi mambo yale yalivyotuchanganya. Sisi tulilelewa kwamba macho ya mdogo hayapandi kwa mkubwa. Msichana akimsalimu mzee anapiga magoti na kutazama chini, na ukimkazia macho unaitwa kichaa au unapelekwa kuombewa. Ghalani ukimwinamia mwenzako kabla ya kupigana, macho yanabaki kwake, usawa wa kifua. Miezi ya mwanzo sote tuliinama na macho yetu yakaenda sakafuni yenyewe, na kila mara kiganja cha mwalimu kikatugusa paji la uso, pah! "Umekufa," alikuwa anasema kwa upole. Mwalimu wa shule, mtu aliyezoea kuwachapa wanafunzi viboko, alikufa hivyo mara nyingi kuliko sisi wote.

"Nje ya mlango huu, heshima ni kuinamisha macho," alituambia mwalimu wetu. "Wala msiiache. Humu ndani heshima ni kutomficha mwenzako kwamba unakuja kumpiga."

Jambo la pili lilikuwa kushukuru. Ukipigwa, unamwinamia aliyekupiga na kusema ahsante, kwa sababu amekuonyesha mlango uliouacha wazi. Hili lilinikaa kooni kama mfupa wa samaki. Mimi nimshukuru fundi cherehani kwa kunipiga mbavuni? Mara ya kwanza nilisema ahsante huku nimeuma meno, mwalimu akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema amesikia, lakini mbavu zangu hazijasikia. Ilinichukua muda mrefu, halafu siku moja neno likatoka lenyewe, nikashangaa kukuta hasira haipo pale ilipokaa siku zote. Niliitafuta kama mtu anayepapasa mfuko wenye tundu.

Lakini kilichonishika kabisa ni Jumatatu zake. Jumamosi watu kumi na mbili, pamoja na mwalimu wa shule na karani wa chama, walimwinamia yeye. Jumatatu alfajiri yuko kwetu na jembe, kofia mkononi, "Shikamoo, mzee," anangoja aambiwe aanzie wapi. Hakuipunguza salamu hata kidogo. Hakutembea kama mtu aliye na siri. Kwangu alirudi kwenye "habari za asubuhi, dada," na mimi, ambaye juzi tu nilikuwa nimempigia magoti sakafuni, nilibaki nimeshika kikapu sijui nijibu kama nani.

Siku moja tata alimfokea mbele ya vibarua wengine kwa kung'oa chipukizi la mgomba ambalo tata mwenyewe ndiye aliyemwonyesha. Nilikuwepo siku alipoonyeshwa. Nilikuwepo siku ya kufokewa pia, na sikufungua mdomo, mimi mwenye mdomo. Yeye alisimama wima, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, mzee," akarudi kazini. Jumamosi nilimwuliza kwa nini alikubali. Mtu anayevunja ubao kwa kisigino!

"Kwani mzee alitaka kunipiga?"

"Hapana."

"Basi ningejikinga na nini?"

Alisema hivyo akaenda kuwapanga watu mstari. Nilimpenda sana siku ile, mapenzi ya mwanafunzi, msinielewe vibaya, na nilijionea aibu kwa kimya changu.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe. Ilikuwa masika, na maneno yalikuwa yameanza. Kwanza walisema tunauabudu ukuta. Kisha, baada ya ibada, mama mmoja akamwuliza tata, kwa ile sauti tamu ya watu wa kanisani, kama ni kweli binti wa mzee wa kanisa anamsujudia kibarua wa baba yake. Tata alirudi nyumbani akala bila kusema. Wiki nzima hakusema. Jumamosi mwalimu wa shule alichukua ufunguo kama kawaida, nasi tukaenda.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa napambana na fundi cherehani katikati ya ukumbi, wenzetu wamekaa pembeni, na kwa mara ya kwanza nilikuwa namweza. Ndipo mlango ukasukumwa. Nikaona kofia ya tata, nikaona mwavuli, nikaona kufuli kubwa jeusi mkononi. Alikuwa amekuja kufunga.

Mwili wangu ulifanya kile ulicholelewa kufanya. Niligeuka, nikashusha mikono, nikaanza kupiga magoti: "Shikamoo, ta..." Ngumi ya fundi ilikuwa tayari njiani kuja kifuani mwangu, mahali nilipokuwa nimesimama. Kwa kuwa nilikuwa nashuka, ilikuta pua.

Nadhani hakuna watu wengine duniani ambao wangepata kosa lile. Nilianguka kwa kumwamkia baba yangu.

Nilipofumbua macho damu ilikuwa imeshafika kwenye nguo yangu ya kitambaa cha amerikani, na fundi amepiga magoti pembeni anarudia, "Mwenyekiti, nisamehe, mwenyekiti, nisamehe." Tata alikuwa ameshaingia hatua tatu. Viatu vyake vya ngozi, vile vya kanisani, vilikuwa vimejaa tope jekundu, na kila hatua ilibaki juu ya sakafu niliyoipiga deki mwenyewe mchana ule.

Mwalimu akamwendea, akasimama mbali kidogo, akainama. "Shikamoo, mzee."

Tata hakuitikia. Sijui kama msomaji anajua uzito wa jambo hilo kwetu. Hata adui yako akikuamkia unaitikia, kisha mnaendelea kuchukiana.

"Hii ndiyo adabu mnayofundishana?" akauliza, akininyooshea kidole pale chini.

"Kosa ni langu, mzee. Niliwafundisha mengi, sikuwafundisha la kufanya mzazi akiingia."

"Basi umemaliza kufundisha."

"Nimesikia, mzee." Kisha akasema, taratibu, bila kupandisha wala kushusha sauti, "Karibu ndani. Ila humu tunavua viatu."

Nilisikia karani wa chama akivuta pumzi.

"Unaniambia mimi? Kwenye ghala langu?"

"Ndiyo, mzee. Hata kwako huwa tunavua."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kwetu hakuna aliyeingia sebuleni na viatu, awe mchungaji au mpiga kura. Ni tata peke yake aliyetembea ndani amevaa, nasi watoto tulijua hiyo ni haki ya mwenye nyumba.

Nikawaona wote wawili wamekwama. Mwalimu akiacha viatu vile vipite, hakuna hata mmoja wetu atakayeamini tena neno lake, na hilo alilijua. Tata akitoka navyo, kufuli linapigwa nyuma yetu, na hilo alilijua pia. Hakuna aliyekuwa na pa kurudi nyuma. Na katika wiki yangu yote mchana ule ndio uliokuwa wangu. Nikaona unakufa mbele yangu kwa sababu ya jozi ya viatu.

Nilikuwa bado chini. Sikuinuka. Nilisogea kwa magoti mpaka miguuni pa tata, nikasema tena, "Shikamoo, tata," nikashika kamba za kiatu cha kushoto. Mtoto kumvua baba yake viatu si jambo geni, nikawaza, amefika kutoka mvuani, nani atashangaa? Kwake nitakuwa binti mwenye adabu, na sheria ya ghala itakuwa imetimizwa. Nilijiona nina akili kuliko wote.

"Acha," akasema, polepole sana. Nilidhani ni kiburi. Nikavuta.

Kiatu kikatoka, soksi ikaja nusu pamoja nacho, na ncha yake ikajikunja tupu. Hapo ndipo nilipokumbuka.

Tata alikua yatima, pekupeku, enzi ambazo funza walikula watoto wasio na wa kuwatoa. Mguu wa kushoto haukuwa na vidole vitatu, na viwili vilivyobaki vilikuwa vimepinda kuingia ndani. Wa kulia ulikuwa afadhali kidogo. Niliiona miguu hiyo mara moja tu, nina miaka kama sita, nilipofungua mlango mama akimwosha, na nilipata kofi pekee ambalo tata aliwahi kunipiga. Tangu hapo mlango ulifungwa kwa komeo. Kijiji kizima kilijua mwenyekiti anapenda viatu, na kuwa na funza kwetu ni kuwa mchafu, ni kuwa mtu asiye na kwao. Nami nilikuwa nimeuweka mguu ule hadharani, mbele ya karani wake, mbele ya kibarua wake. Nilitaka kurudisha kiatu, mikono ikakataa.

"Kaeni," mwalimu akasema nyuma yangu. "Fumbeni macho."

Ilikuwa amri tuliyoijua. Kila mwisho wa mazoezi tulikaa juu ya visigino, mikono mapajani, macho tumefumba, tukatuliza pumzi mpaka atuambie tufumbue. Hakuwahi kuitoa katikati. Aliisema kwa sauti ya kila siku, bila haraka, kama mtu aliyeona muda umefika. Nikasikia magoti ya watu yakigusa saruji. Naye mwenyewe alikaa palepale alipokuwa, hatua mbili kutoka kwa tata, akafumba macho kabla ya yeyote.

Mvua ilipiga mabati. Nilivua kiatu cha pili. Nilitazama huku na huku nione nani anachungulia, niko tayari kumrarua. Fundi alikuwa amebana macho kama mtoto anayemeza kwinini. Karani amefumba. Mwalimu wa shule amefumba. Kisha macho yangu yakarudi kwenye ile miguu, yakakaa pale.

Tata alivuka ukumbi pekupeku. Sikuwahi kusikia sauti ya nyayo zake, moja nzito na moja ya kuburuta. Alifika kwenye rundo la magunia matupu, akakaa, akavuta gunia moja juu ya miguu, akakohoa.

"Fumbueni," akasema mwalimu.

Tukaendelea. Mimi na fundi tuliitwa katikati tumalize tulichoanza. Tukainamiana, nikamwambia ahsante kwa ile pua, na nilimaanisha. Tata alikaa mpaka mwisho, kufuli pajani. Mwisho tulifumba macho tena, zaidi ya siku zote, na tulipofumbua hakuwepo. Hakuwa amefunga, wala hakuwa amesema hatafunga. Nyayo za tope pale mlangoni zilikuwa zimefutwa, na gunia lililozifuta limekunjwa vizuri kizingitini.

Nilirudi nyumbani. Jua lilikuwa halijazama aliponiita sebuleni. Alikuwa amevaa makubazi yake yaliyofunika vidole, kama siku zote.

"Nani aliwaambia wafumbe macho?"

"Mwalimu," nikasema, na hapo nikagundua kwamba sijawahi kumwita hivyo ndani ya nyumba ile.

"Aliwaambia wao, au na wewe pia?"

"Sote, tata."

"Nilikuwa nawatazama," alisema. "Mmoja mmoja. Watu kumi na mmoja, na yeye mwenyewe. Hakuna ukope uliotikisika. Ni wewe tu uliyekuwa unaangalia."

"Nilikuwa nakuvua kiatu, tata."

"Kiatu huvuliwa kwa mikono."

Nimepigwa sana ghalani miaka iliyofuata, na watu wenye mikono mizito, lakini hakuna pigo lililonifika kama hilo. Nilikuwa nimejisifu moyoni njia nzima kwamba ni mimi niliyeokoa mchana ule.

"Jumatatu akija," tata akasema, "utakwenda kumwomba radhi. Amekupa amri katika nyumba yake, na umeivunja."

Nyumba yake, alisema. Nilirudia neno hilo kitandani mpaka usingizi ukanichukua.

Jumatatu asubuhi kibarua wetu alifika na jembe, akavua kofia, akamwamkia tata, na tata akaitikia vizuri. Kisha akaninyooshea kidole. Vibarua wengine watatu walikuwa wamesimama wakingoja kugawiwa kazi, wakaacha hata kuongea. Nikapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, mbele ya mtu niliyemjibu miaka miwili nikiwa nimempa mgongo, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba niliambiwa nifumbe macho nami sikufumba, na ninaomba radhi.

"Yamekwisha, dada," akasema haraka. Aliona haya kwa niaba yangu, na aliangalia jembe lake.

Nikaanza kuinuka.

"Bado," tata akasema nyuma yangu. "Hajakuambia uinuke."

Nikarudi chini. Umande ulikuwa unapenya gauni mpaka magotini, vibarua wanatazama, na ile hasira yangu ya ukoo haikuwa popote. Nilibaki pale, binti wa mwenyekiti, nina furaha kuliko siku yoyote niliyoikumbuka, mpaka kibarua wetu aliponiambia niinuke.